Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ndogo za kuongoza mota, kwanini kuwahi ni bora kuliko kasi

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia sehemu moja, watu wanajenga mashine zinazojirekebisha zenyewe, yaani sensa inasoma, kompyuta inaamua, mota inatii, alafu kompyuta inajifunza kutokana na matokeo na kubadili namna yake ya kuamua. Na karibu kila mtu anauliza kompyuta gani ndogo, ya kubebeka, inafaa. Nimechagua tano, mbili za mwanzo nimezijibu kwa urefu sababu zinagusa wengi.

Shikamoo kaka. Nasoma uhandisi wa umeme mwaka wa nne, nakaa Ubungo. Projekti yangu ni kuongoza spidi ya mota ya DC, kontrola inajirekebisha mzigo ukibadilika. Programu iko kwenye laptopu ya Windows, bodi ya sensa na draiva ya mota nimeunganisha kwa USB. Kwenye simulesheni inatulia safi, kwenye mota halisi inatetemeka, na nikifungua brauza ndo inaharibika kabisa. Laptopu ni Core i7. Nibadili algorithimu au ninunue bodi? Nina laki moja tu.

Marahaba mdogo wangu. Algorithimu iache kwanza, hujaipa nafasi ya haki. Umesema mwenyewe ukifungua brauza inaharibika, sasa mota inajuaje kama umefungua brauza? Kinachobadilika pale ni muda.

Core i7 ina kasi kubwa sana, hilo halina ubishi, ila Windows haikutengenezwa ikuahidi kwamba kazi yako itafanyika saa hiyohiyo uliyotaka. Taima yake ya kawaida inatembea kwa hatua za milisekunde 15.6 hivi, kwa hiyo ukiiambia ilale milisekunde 5 inaweza kuamka baada ya 15. Kisha kuna USB. Kama bodi yako inatumia chipu ya FTDI (ya kupitisha data kwenda USB), draiva yake kwa kawaida inasubiri hadi milisekunde 16 ikusanye data ndo iikabidhi kwa programu (hiyo unaweza kuishusha hadi 1 kwenye seting, kaishushe leo). Jumlisha hivyo viwili, unapata siku mbaya milisekunde 30 zimepita kati ya mota kufanya kitu na wewe kujua.

Piga hesabu uone ukubwa wake. Tuseme mfumo wako unatakiwa kujibu mabadiliko yanayojirudia mpaka mara 5 kwa sekunde. Kuchelewa kunakula fezi, yaani jibu linabaki nyuma ya tukio, na digrii zinazoliwa ni 360 mara 5 mara muda. Kwa milisekunde 10 umepoteza digrii 18, hapo bado unaishi. Kwa milisekunde 30 umepoteza 54, na watu wengi wanabuni wakiwa na akiba ya fezi (nafasi iliyobaki kabla mfumo haujaanza kutetemeka) ya digrii 45 mpaka 60, kwa hiyo akiba yote au karibu yote imekwenda na mota lazima itetemeke. Simulesheni yako haina USB wala brauza ndo maana imetulia.

Alafu kuna jambo ambalo kwa kontrola inayojirekebisha ni baya zaidi. Kuchelewa kwa kudumu, kila mara milisekunde 5 kamili, unaweza kukuweka kwenye modeli na maisha yakaendelea. Kuchelewa kunakoyumba, leo 2 kesho 28, hakuna modeli yake. Sehemu yako ya kujifunza haijui kwamba laptopu ndo imechelewa, yenyewe inaona umetuma volti na spidi haijapanda kama jana, inahitimisha mota imekuwa nzito, inaongeza gaini (ukali wa kujibu kosa), sekunde inayofuata muda unarudi sawa na gaini tayari iko juu. Inajifunza tabia ya Windows badala ya tabia ya mota!

Kwa hiyo ndiyo, nunua bodi, na sio ya bei. Raspberry Pi Pico 2 ilitoka 2024 kwa dola 5, ina kori mbili za MHz 150 na kila moja inapiga hesabu za desimali kwenye chipu yenyewe. Hata ukiongeza usafiri na faida ya muuzaji, laki moja yako inatosha. Arduino Uno naijua mnaipenda na iko kila duka la vifaa Kariakoo, ila ina MHz 16, kumbukumbu ya kilobaiti 2, na desimali inazihesabu kwa programu, kuzidisha mara moja tu ni kama maikrosekunde 10. Ukiwa na parameta 4 za kujifunza, kila hatua ina kuzidisha na kujumlisha zaidi ya mia, inakula milisekunde moja na kitu, na ukiongeza parameta kazi inapanda kwa mraba wake. Kwa PID ya kawaida (kontrola isiyojifunza, gaini zake hazibadiliki) Uno inatosha vizuri, kwa unachofanya wewe itakubana.

Hatua ya kudhibiti iweke ndani ya interapti ya taima (saa ya chipu inayokatiza kazi nyingine muda ukifika), isiwe ndani ya lupu kuu yenye kuchapisha namba kwenye skrini. Laptopu ibaki kuchora grafu tu, ikichelewa hapo hakuna anayeumia. Kisha pima. Chukua pini moja iliyo wazi, iwashe hatua inapoanza, izime inapoisha, weka lojiki analaiza, kifaa cha kurekodi pini imewaka na kuzima lini (zile ndogo za chaneli 8 ni bei ndogo) au osiloskopu ya maabara. Utaona mapigo yanajirudia, umbali kati ya mwanzo wa moja na mwanzo wa linalofuata ndo muda wa sampuli, upana wa pigo ndo muda wa hesabu zako. Acha ikimbie dakika kumi huku unaisumbua, unatuma data, unabonyeza vitufe, na uangalie umbali mrefu kuliko wote, sio wastani. Wastani utakudanganya, hatua moja iliyochelewa katika elfu kumi inatosha kurusha mota.

Na usikimbilie sampuli elfu kumi kwa sekunde eti sababu bodi inaweza. Mara 20 mpaka 30 ya bendi yako (zile mara 5 kwa sekunde) inatosha, kwako ni kama 100 hadi 150 kwa sekunde. Angalia enkoda yako (sensa inayotoa pigo mota ikizunguka) kwanza: ikitoa pigo 400 kwa mzunguko na mota inazunguka mara moja kwa sekunde, ukisoma mara 1,000 kwa sekunde unapata pigo 0.4 kila sampuli, yaani spidi yako itasomeka sifuri, moja, sifuri, sifuri, moja. Kelele tupu. Ukisoma mara 100 unapata pigo 4, sio nzuri sana ila kuna kitu cha kushika.

Habari za kazi. Nafanya utafiti wa uzamili kuhusu bajaji ya umeme. Kontrola inakadiria uzito na msuguano kwa njia ya RLS (hesabu inayosahihisha makadirio kila sampuli mpya ikija) yenye kigezo cha kusahau 0.98, sampuli 100 kwa sekunde, kisha inarekebisha gaini za spidi. Kompyuta iko kwenye boksi chini ya siti. Asubuhi barabara ikiwa wazi inaenda vizuri. Nikikaa kwenye foleni Buguruni dakika kumi, ikifunguka tu bajaji inaruka au inashtuka vibaya. Pia nimepoteza data mara kadhaa. Bodi ni dhaifu?

Salama dada, na hongera, hiyo ni kazi ya mjini kweli. Bodi nitaifikia. Cha kwanza ni kwamba ukiwa umesimama, kompyuta yako inasahau na haijifunzi chochote.

Kigezo cha 0.98 maana yake unakumbuka kama sampuli 50 za mwisho, kwa sampuli 100 kwa sekunde hiyo ni nusu sekunde tu. Bajaji ikisimama hakuna taarifa mpya, spidi sifuri, mkondo sifuri, lakini kila hatua ile matriksi yako ya P inagawanywa kwa 0.98, yaani inakua. Baada ya sekunde 10 ni hatua 1,000, P imevimba karibu mara milioni 600. Sekunde kumi hizo, wewe umekaa dakika kumi. Maana ya P kubwa ni "sijui kitu, niamini kipimo chochote kitakachokuja", kwa hiyo foleni ikifunguka, kelele ya kwanza ya sensa inachukuliwa kama ukweli na uzito wa bajaji unaruka kutoka kilo mia kadhaa kwenda popote pale. Na kama unatumia desimali za biti 32, zenye tarakimu 7 hivi za kuaminika, P ilishaharibika kihesabu kabla hata hujaondoka.

Ningekuwa mimi ningefanya hivi. Kujifunza kuzimwe kabisa spidi na mkondo vikiwa chini ya kiwango flani, parameta zibaki zilipo. P iwekewe dari. Kila parameta iwekewe mipaka ya kimaumbile, kapime bajaji tupu na dereva, kapime ikiwa na abiria watatu na mizigo, hapo katikati ndo uzito unaruhusiwa kuwa, nje ya hapo ni uongo hata RLS ikiapa. Na hicho kigezo cha kusahau kipandishe, 0.998 inakupa sampuli 500, sekunde 5. Fikiria mwenyewe, abiria anapanda bajaji ikiwa imesimama, hakuna anayeongezeka kilo 70 katikati ya mwendo, sasa nusu sekunde ya nini?

Mlima nao utakusumbua. Ukipanda flaiova ya TAZARA mota inavuta zaidi na kompyuta isiyojua mwinuko itadhani umebeba watu. Weka sensa ya mwelekeo ikadirie mteremko peke yake, au ongeza mzigo wa mteremko kama parameta tofauti inayobadilika haraka, uzito ubadilike polepole.

Nasisitiza mipaka kwa sababu hii fani ina kovu. Tarehe 15 Novemba 1967 ndege ya majaribio ya X-15 ya Marekani, yenye mfumo wa kuongoza uliokuwa unajirekebisha gaini wenyewe, ilipoteza mwelekeo juu sana, ikaingia kwenye mzunguko kwa mwendo wa karibu mara 5 ya sauti. Rubani Michael Adams akaitoa kwenye mzunguko, lakini mfumo ukaingia kwenye mtetemo wa kujirudia, gaini ikabaki juu, haikushuka wakati ilipotakiwa kushuka, ndege ikavunjika angani na Adams akafariki. Wataalamu baada ya hapo walitumia miaka mingi kutafuta uthibitisho wa kihesabu wa lini mfumo unaojifunza unabaki salama. Kwa hiyo dada yangu, kabla hujapakia mtu: magurudumu ya nyuma juu ya jeki, swichi nyekundu ya dharura inayokata kontakta (swichi kubwa ya umeme wa mota) moja kwa moja bila kupitia kompyuta yoyote, na watchidogi ya chipu inayozima mota programu ikiganda. Ukitoka barabarani, anza kwenye kiwanja kitupu.

Sasa boksi. Data inapotea nadhani kwa sababu mbili. Kadi ya SD ikiandika inaweza kukaa bize hata milisekunde 250, kama hatua ya kudhibiti ndo inayoandika basi umeisimamisha robo sekunde, bajaji inatembea bila mtu kuiangalia. Hifadhi kwanza kwenye RAM, kazi nyingine ya daraja la chini ndo iandike kwenye kadi. Na umeme: mota ikivuta ghafla volti ya betri inadondoka, kompyuta inajizima faili likiwa wazi. Ipe kompyuta betri yake ndogo, au kigeuzi cha DC kilichotengwa chenye kapasita za kutosha, graundi zikutane sehemu moja. Pawabanki usitumie, nyingi zikiona mkondo mdogo zinadhani simu imejaa zinajizima.

Joto pia. Raspberry Pi inaanza kujipunguza kasi ikifika nyuzi 80, na boksi lililofungwa chini ya siti mwezi wa tatu hapa Dar linaifikisha huko bila shida, hapo muda wako wote unabadilika na hutajua kwanini. Rekodi joto la chipu kwenye logi, safu moja tu ya ziada. Bati la alumini liguse chipu na litoe joto nje. Nyaya za kuchomeka zile za maabara ziondoe, barabara zetu zitazichomoa ndani ya wiki, tumia konekta zenye kufunga, na bodi ipakwe vanishi yake sababu ya unyevu na chumvi.

Kuhusu bodi yenyewe: kama ni Pi peke yake inayofanya kila kitu, gawa kazi. Hatua ya mota ibaki kwenye maikrokontrola, Teensy 4.1 yenye MHz 600 au hata ile Pico 2, Pi ibaki na logi na kuchora.

Salaam. Mimi ni fundi wa pampu, Mbagala, kazi hii nimeifanya muda mrefu. Kijana wangu ananiambia pampu za visima zinahitaji kompyuta ya kujifunza ili presha isipande na kushuka. Ni kweli?

Shikamoo mzee wangu. Kijana anakutakia mema ila hapana, kwa pampu ya nyumba au ya jengo PID ya kawaida inatosha, na inveta nyingi za pampu (vifaa vya kubadili spidi yake) zinakuja nayo ndani tayari. Mambo yanayobadilika kwenye kisima yanabadilika taratibu na unayajua. Hela hiyo iweke kwenye sensa nzuri ya presha ya miliampea 4 hadi 20, faida yake waya ukikatika inasoma miliampea sifuri, na hiyo haiwezi kuwa presha halali kwani hata presha sifuri inasoma 4, kwa hiyo inveta inajua imepoteza sensa na kusimama. Na sensa ya maji kuisha kisimani, hiyo ndo inayookoa pampu. Presha ikiwa bado inacheza angalia kwanza tenki la hewa kama limepoteza upepo.

Mwalimu wa maabara hapa mjini. Tuna bajeti ya kununua boksi moja la kisasa la kuongoza kwa wakati halisi kutoka Ulaya, au bodi ndogo nyingi. Wanafunzi ni wengi. Unashauri nini?

Mwalimu, boksi kama za dSPACE ya Ujerumani au Speedgoat ya Uswisi sio wizi, mnalipia vitu vya kweli. Mwanafunzi anachora modeli kwenye programu ya Simulink, anabonyeza, inakimbia, anabadili gaini mota ikiwa inazunguka, na pini zina ulinzi, akikosea waya si rahisi kuunguza kitu. Kwa mtafiti mwenye miaka miwili ya kumaliza hiyo inaokoa miezi. Kwa darasa la watu wengi kuzunguka boksi moja, wawili watagusa na wengine watatazama, na mimi naamini hii fani inaingia kwa mikono. Ningenunua bodi nyingi, na kama hela inabaki, hilo boksi liwe la utafiti wa uzamili.

Kwa kazi zinazohitaji Linux angalieni BeagleBone Black. Ya 2013, imezeeka, ila ndani ina vichakata viwili vidogo vya pembeni vinavyokimbia MHz 200, amri nyingi ni nanosekunde 5, na Linux haiwezi kuviingilia, kwa hiyo muda mkali unakaa huko na hesabu kubwa zinakaa Linux. Chuo cha Queen Mary cha London kilijenga Bela, mfumo wa sauti na sensa wenye kuchelewa chini ya milisekunde 1, juu ya bodi hiyohiyo. Tahadhari moja naomba ibandikwe ukutani: pini zake za analogi mwisho volti 1.8, na za dijitali mwisho 3.3. Sensa ya volti 5 ikichomekwa moja kwa moja, bodi imekufa. Jengeni bodi ndogo ya kupunguza volti ikae juu ya kila moja kabla mwanafunzi hajaishika.

Na habari njema, Linux 6.12 ya Novemba 2024 imeingiza PREEMPT_RT (sehemu ya kuifanya Linux iwahi kazi kwa wakati) ndani ya keneli kuu, yaani kiini chake, kitu ambacho kwa miaka kama 20 kilikuwa kinabandikwa kutoka nje. Ukiwasha hiyo kwenye bodi ya kawaida na kupima kuchelewa kwa programu ya cyclictest huku mashine ina kazi nyingi, mtapata somo zima la maabara la wiki moja. Wape wanafunzi wapime kabla na baada, wenyewe wachore grafu.

Mambo vipi bro. ESP32 yangu (bodi ndogo yenye waifai) yenye FreeRTOS (programu inayopanga zamu za taski) inajirisiti yenyewe kila baada ya muda, hasa waifai ikiwa inatuma data. Kontrola yangu ina taski tatu. Nimechoka. (Sinza)

Poa sana. Soma kwanza sababu ya risiti, ESP32 inaichapisha yenyewe kwenye laini ya serial, ile unayosoma kwenye kompyuta, ikiwaka. Ikisema braunauti ni umeme, waifai ikituma inavuta mkondo mkubwa kwa ghafla na kebo yako nyembamba ya USB haiwezi, weka kapasita karibu na bodi na kebo fupi.

Ikisema watchidogi, angalia taski zako zinavyogombania kitu kimoja. Hii iliwahi kutokea hata Mars: chombo cha Pathfinder kilitua Julai 4, 1997 kikaanza kujirisiti. Taski ya daraja la chini ya hali ya hewa ilikuwa imeshika funguo, taski ya daraja la juu inaisubiri, alafu ya daraja la kati ikaja ikaizuia ile ya chini isimalize, kwa hiyo ya juu ikakwama nyuma ya wote na mfumo ukajirisiti. Wahandisi wakaliiga tatizo duniani, wakatuma amri ya kuwasha urithi wa daraja, yaani mwenye funguo anapandishwa daraja kwa muda mpaka aiachie, na ikatulia.

Kwako, kama taski zinashirikiana data kwa semafo ya bainari (funguo rahisi isiyo na mwenyewe), hiyo haina huo urithi. Badilisha iwe muteksi (funguo inayojua nani kaishika), ya FreeRTOS inao. Na shika muteksi muda mfupi tu, nakili namba, achia, ndo uende kutuma waifai. Taski ya kudhibiti ipe daraja la juu kuliko zote na uibane kori 1 peke yake, waifai kwa kawaida iko kori 0. Ukimaliza pima kwa pini kama nilivyomwambia wa Ubungo, nitumie picha ya lojiki analaiza, nataka kuona umbali mrefu zaidi ni ngapi.